Panya Hawakutulia

Wanafunzi wake walimwita Mama Panya, naye alijua, wala hakuwakataza. Alikuwa amewahi kuitwa mabaya kuliko hayo na watu wenye shahada kubwa kuliko zao. Kazi yake ilikuwa kuchunguza dawa zinazoingia ubongoni: zinapitia wapi, zinafungua mlango gani, zinafunga upi, na kiumbe aliyepewa anageuka kuwa nani. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana mwembamba mwenye koti jeupe linalompwaya, akaendelea nayo mpaka koti lilelile likakataa vifungo.

Mama yake, fundi cherehani aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, hakuona sababu ya kuieleza kazi hiyo kwa maneno marefu. Majirani wakimuuliza binti mkubwa anafanya nini huko chuoni, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona: "Analewesha panya, halafu anawauliza wanajisikiaje."

Binti alinuna siku ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Miaka ilivyokwenda akaona kwamba hakuna kamati ya chuo iliyowahi kuieleza kazi yake vizuri kuliko hivyo. Kulewesha ni rahisi, ni sindano tu. Kuuliza ndiko kunakochosha, maana panya hajibu kwa mdomo. Lazima umuulize moyo wake, damu yake, masharubu yake, kisha uvumilie jibu linalokuja hata kama silo ulilokuwa ukilitamani.

Makala iliyomtoa kimaisha aliiandika angali kijana. Maabara yao ilikuwa mwisho wa korido, chini kabisa ya jengo, na nyuma yake palikuwa na chumba cha vizimba chenye harufu ya maranda na mkojo iliyokuwa ikimganda nyweleni. Dukani wauzaji walikuwa wakimpa chenji kwa mkono ulionyooshwa mbali. Katikati ya maabara kulikuwa na sanduku pana lisilo na kifuniko, sakafu yake nyeupe, na juu yake taa kali. Panya mwenye hofu akiwekwa humo hukimbilia pembeni akajibana ukutani kama mgeni aliyeingia harusini bila kualikwa. Panya asiye na hofu hukata katikati, akanusa, akazunguka, akajiona mwenyeji.

Kulikuwa na dawa moja ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya mikazo ya misuli, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba inaondoa hofu. Wakaijaribu. Panya waliopewa dawa ile walikaa pale pale katikati ya sanduku walipowekwa, chini ya taa, wametulia tuli. Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Bwana Mkubwa kwa sababu ya tumbo lake na si kwa sababu ya cheo, alipiga meza kwa kiganja akasema kazi imekwisha, waandike.

Msichana hakuridhika, na kilichomkera ni masikio. Panya aliyepoa huyaachia masikio yake. Hawa walikuwa wameyalaza nyuma, yamekaza, kama watu wanaosikiliza hatua za mtu nje ya mlango. Akaomba apewe muda wa kuuliza zaidi. Akawafunga kidude kidogo cha kupima mapigo, akakuta mioyo inakwenda mbio kama cherehani ya mama yake siku za kukaribia kufunguliwa shule, sare zote zikidaiwa kwa mpigo. Akapima damu, akaikuta imejaa kemikali ile ambayo mwili huimwaga ukiona kifo. Mwisho akatoboa mlango mdogo ubavuni mwa sanduku. Panya asiyepewa dawa aliuona mlango akatoka kama risasi. Aliyepewa aliuona pia. Macho yake yalikwenda mlangoni, yakabaki hapo hapo, na mwili haukuyafuata.

Basi ikawa wazi kwake. Dawa ile haikuwa ikiondoa hofu. Ilikuwa ikimfungia mnyama ndani pamoja na hofu yake, na kumwacha nje akiwa ametulia kwa faida ya watazamaji.

Yote hayo aliyaandika, na Bwana Mkubwa, ambaye hakuwa mtu mwongo, aliyaacha yote. Ila muhtasari, yale maneno machache yanayokaa juu ya makala kumwambia msomaji kilichomo, ulizidi urefu ambao jarida lilikuwa likiruhusu. Bwana Mkubwa akachukua kalamu nyekundu akaikata sentensi ya mwisho, iliyoanza kwa "Hata hivyo". Msichana akalalamika. Akajibiwa kwamba wanaosoma majarida haya ni wasomi, si wapita njia. Mwenye nia ya kujua atafungua ndani.

Makala ikatoka, ikaanza kutembea peke yake. Msomi mmoja mashuhuri wa chuo cha mbali, akiandika kitabu kinene kuhusu dawa za hofu, aliandika mstari mmoja kwamba dawa ile hutuliza, kisha akataja makala hiyo kuwa ushahidi. Katika kuandika namba ya ukurasa, vidole vyake vikateleza. Ukurasa alioutaja ulikuwa na utafiti wa watu wengine kabisa kuhusu maini ya kuku.

Na hapa ndipo Mama Panya alipojifunza tabia ya watu wa fani yake. Kila aliyeandika baada ya msomi yule aliitaja makala yake, na kila aliyeitaja aliutaja ukurasa wa maini ya kuku. Kosa lile lilirithiwa kama kidole cha sita katika ukoo. Alikuwa akilitazama tu anajua: huyu hakufungua. Na huyu hakufungua. Na huyu wa tatu hata kile kitabu kinene hakukigusa, amenakili kwa aliyenakili. Mwanzoni alicheka. Alikuwa akiwaonyesha wenzake wakati wa chai, wanacheka pamoja, kisha wenzake wanarudi ofisini kwao kwenda kufanya vilevile.

Mwaka baada ya mwaka idadi ilipanda. Makala zake nyingine, zile alizozitolea jasho akiwa ameiva, juu ya kifafa, juu ya usingizi wa wazee, juu ya dawa mbili zinapokutana katika ini dhaifu, zilikaa majaridani kama sahani za wageni kabatini, safi, na hakuna aliyezilia. Ile moja ndiyo iliyomtembeza. Alialikwa kwenye mikutano kwa ajili yake. Alikuwa akitambulishwa kwayo. Kila alipojaribu kusema kilichokuwamo, watu walitikisa kichwa kwa adabu wakasubiri amalize.

Akaandika masahihisho. Yalikuwa mafupi, na kichwa chake kilisema bila kuzunguka kwamba panya wale hawakutulia. Mhariri wa jarida la kwanza aliyakataa akasema hayana jipya, kwa kuwa yote yamo tayari katika makala ya zamani. Mhariri wa jarida la pili aliyakataa akasema yanapingana na jambo lililokwisha kukubalika duniani, na ili kumthibitishia hilo akamtajia makala ya kusoma. Ilikuwa makala yake mwenyewe, na ukurasa ulikuwa ule wa maini ya kuku.

Jarida dogo likayachapa mwishowe. Ikapita miaka miwili kabla mtu hajayataja, na aliyeyataja aliyaweka pamoja na makala ya zamani kuwa ushahidi wa pili kwamba panya walitulia. Bila shaka aliona mashahidi wawili wanapendeza kuliko mmoja. Jirani yake wa ofisi, mtaalamu wa takwimu mwenye mdomo mrefu, alimpigia makofi. "Hongera, mama," akamwambia. "Umejithibitisha mwenyewe."

Tusimsingizie utakatifu. Ulipofika wakati wa kupandishwa cheo, aliitwa mbele ya kamati, na mwenyekiti akasoma kwa sauti kwamba makala moja ya mwenzao huyu imetajwa na wasomi wengi kuliko makala za wote waliomo chumbani zikijumlishwa. Yeye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wengi wao waliielewa kinyume. Chumba kizima kikacheka kwa upendo. Mwenyekiti akamwambia asijishushe. Chanda chema huvikwa pete. Ukweli wake wakauchukua kuwa unyenyekevu. Alikuwa na nafasi ya kusimama akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Hakusimama. Alikuwa amechoka, umri ulikuwa unakwenda, na cheo kile alikistahili kwa kazi zile nyingine. Ila hakupewa kwa zile nyingine. Alinyoosha chanda, akavikwa, akahamishiwa ofisi ya juu yenye dirisha.

Mama yake alipoambiwa binti amekuwa profesa kamili, aliuliza kama alikuwa profesa nusu siku zote hizo. Huo ulikuwa utani wake wa mwisho uliokuwa na kichwa na miguu. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshaanza kumla. Kwanza alisahau mkasi, akasahau jiko, mwisho akasahau kwamba mumewe alikwisha kuzikwa, akawa kila siku analia msiba mpya. Alikuwa akiishi kwa binti yake mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, na mkwewe, fundi wa majokofu, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Saa za mchana alikuwa na nafuu. Jua likianza kupungua alitaka kurudi nyumbani, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba yuko nyumbani. Alipiga milango. Aliwaita watu waliokufa. Aliwapiga walio hai.

Mdogo mtu akampeleka hospitali, kwa daktari wa wazee, wakarudi na vidonge. Wiki haikuisha akampigia dada yake simu, sauti yake nyepesi kama zamani walipokuwa wasichana. "Dada, njoo umwone mama. Ametulia."

Akaenda Jumamosi. Akamkuta mama kwenye kiti karibu na dirisha, ameoga, amechanwa nywele, mikono imelala mapajani. Akambusu, akavuta kiti akaketi karibu naye, goti kwa goti, akatoa tasnifu za wanafunzi wake akaanza kuzisoma. Shemeji yake alipita na bisibisi mkononi akasema, "Shemeji, siku hizi hata redio tunaisikia." Wakacheka. Mara moja moja alikuwa akiinua macho, anamtazama mama, anatabasamu, anarudi kwenye karatasi. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na nyingine, na nyingine. Alikuwa akipenda kusomea pale kuliko ofisini. Hakuuliza jina la dawa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na daktari.

Kisha mdogo wake akaugua mafua, akamwomba apitie vidonge vya mama hospitali. Akapanga foleni kwenye dirisha la dawa. Mhudumu akamsukumia pakiti bila kumtazama, naye akalisoma jina la dawa akiwa amesimama pale pale. Alibaki ameishika, haendi mbele wala nyuma, mpaka mtu wa nyuma yake akamwambia, "Mama, songa basi, na sisi tuna wagonjwa."

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile kiti karibu na dirisha. Hakuvua viatu. Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mama yake, juu ya mshipa, na uso wa mama ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, na mshipa ulikuwa unakimbia. Mtoto mmoja wa mdogo wake akafungua mlango wa nje kuingia. Macho ya mama yakaenda mlangoni, yakabaki hapo.

Daktari wa wazee alikuwa kijana mpole, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Akamsikiliza akisema kwamba dawa ile isitishwe, kwa sababu haiondoi hofu.

"Hilo limeshathibitishwa, mama," akasema taratibu, kama anayezungumza na mtoto wa mgonjwa, na ndivyo alivyokuwa. "Tena utafiti wenyewe umefanywa na mtu wa hapa hapa kwetu." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Muhtasari ulikuwa pale, umekatwa mkia.

"Huyo ni mimi."

Kijana akatazama jina, akamtazama yeye, akainuka kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema alilikuta jina hilo kwenye kitabu akiwa mwaka wa pili, hakujua kwamba mwenyewe bado yupo. Kisha akaketi, na furaha yake ikaingia mkanganyiko. "Sasa profesa, kama ni wewe uliyeandika, shaka inatoka wapi?"

"Fungua ndani, utaiona."

Akabonyeza, akabonyeza tena. "Ndani kumefungwa. Hospitali haijalipia jarida hili."

Basi akamsimulia yeye mwenyewe, masikio, mioyo, damu, mlango ubavuni mwa sanduku. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, na tuseme haki, alisikiliza kweli. Kisha akasema kwamba tangu wakati ule tafiti nyingi zimekubaliana na matokeo ya kwanza. Akaulizwa kama amezisoma. Akasema amesoma mihtasari yake. Akaelezwa habari ya maini ya kuku, akacheka kidogo, jicho likamponyoka kwenda kwenye saa ya ukutani.

"Nisamehe, profesa," akasema. "Wakiwa wengi namna hii, aliyeanza naye anakuwa mmoja kati ya wengi. Na wewe leo umekuja kama mtoto wa mgonjwa." Akaonyesha kwa kidevu upande wa wodi. "Nina wodi nzima ya wazee na wauguzi wawili kwa zamu. Kabla ya dawa hii tulikuwa tunawafunga kwenye vitanda kwa vitambaa. Unataka nirudie vitambaa?"

Lilikuwa swali la kweli. Kesho yake alimpelekea makala nzima, imechapwa. Daktari aliipokea kwa mikono miwili akaiweka juu ya rundo, na kabla profesa hajatoka mlangoni alisikia kikombe cha chai kikitua juu yake. Haikuwa dharau. Mezani hapakuwa na nafasi nyingine.

Kwa mdogo wake mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu huyo hakuwa na adabu ya kitaaluma. Walizungumza jikoni, mlango umeegeshwa.

"Dada, unaona hapa?" Mdogo mtu alionyesha kovu juu ya jicho. "Mwiko huo. Kaniita mwizi mbele ya watoto wangu. Katoka bila viatu mpaka barabarani, nikamkuta katikati ya magari. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano."

"Kwenye mkutano. Sasa nimepata dawa, nimepata kulala, unakuja kuniambia eti anaogopa ndani kwa ndani. Nani kamwona huko ndani?"

"Nimewaona panya."

"Basi nenda kawauguze panya."

Fundi wa majokofu alikohoa mlangoni, akaomba radhi kwa kuingilia. Alikuwa mtu wa amani, na alilouliza aliliuliza kwa huruma. "Shemeji, tuseme ni kweli. Lakini kesho hakumbuki. Kama hakumbuki, hofu yenyewe inamdhuru nini?"

Katika miaka yake yote ya kuulizwa maswali na wakubwa, hakuna swali lililowahi kumkalisha kama lile. Akasema atamchukua mama yeye mwenyewe, akaishi naye.

"Wewe?" Mdogo wake alicheka, na kicheko hakikuwa kizuri. "Wewe hata paka hujafuga."

Akamchukua. Akaomba likizo chuoni, akampa mama chumba chake cha kulala, yeye akahamia sebuleni. Dawa ile haiachwi ghafla. Alikuwa akiipunguza kidogo kidogo, akivunja vidonge kwa kisu juu ya kibao cha jikoni, kwa mkono uliozoea vipimo vidogo kuliko hivyo. Vya kwanza kurudi vilikuwa vidole. Vikaanza kutembea juu ya shuka, vikitafuta pindo. Halafu miguu. Sauti ndiyo iliyokuja mwisho, na ilikuja imebeba matusi yote iliyokuwa imeyalimbikiza. Alimwita binti yake malaya, akamwita mlinzi wa jela, akamrushia kikombe, akamng'ata mkono alipokuwa akimvisha. Jirani wa juu alikuwa akigonga bomba. Jioni zilikuwa vita. Alimwelewa mdogo wake vizuri, mpaka mifupani, akampigia simu amwombe msamaha. Simu haikupokelewa.

Asubuhi moja, akiwa anamnywesha chai, mama aliishika bilauri kwa mkono wake mwenyewe. Akamtazama. Yalikuwa macho ya fundi yanayokagua mshono.

"Ulikuja," mama akasema.

"Nilikuja wapi, mama?"

"Kule kwenye kiti. Ulikaa karibu yangu, unasoma makaratasi."

Profesa akaweka sahani chini. "Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuita." Alisema bila hasira, kama anayetaja idadi ya vifungo. "Nimekuita mpaka nimechoka. Unaniangalia, unacheka, unarudi kwenye makaratasi yako. Nikasema, huyu mtoto kawa kiziwi."

Akanywa chai. Akauliza kama mvua imenyesha. Zilipofika saa za mchana hakukumbuka kwamba wamezungumza, na hakuzungumza hivyo tena.

Binti alibaki na maneno yale. Kama mtafiti alijua amepewa kitu ambacho hakuna maabara iliyowahi kukipata: kiumbe aliyepewa dawa ile akarudi kueleza kwa kinywa chake kilichokuwa ndani. Alijua pia kwamba hakuna jarida la kukichapa. Mgonjwa mmoja, mwenye kusahau, asiye na wa kulinganishwa naye, na msimuliaji ni mwanawe. Angeletewa makala ya namna hiyo aihakiki, angeikataa kabla ya kufika ukurasa wa pili. Na akiwa binti, hakuwa na msomi wa mbali wa kumlaumu. Goti kwa goti alikaa, Jumamosi zote zile, yeye aliyejua kuliko watu wote. Alisoma nywele zilizochanwa na mikono iliyolala, akaridhika.

Alimpigia daktari simu. Kijana akampa pole ya dhati. "Lakini hayo ni maneno ya mgonjwa wa kusahau, profesa," akasema. "Tutayaweka wapi?" Akaulizwa kama ameisoma ile makala. Akasema ipo hapo hapo mezani. Akaulizwa wazee wa wodini wanaendeleaje, akasema vizuri sana, wodi nzima kimya.

Mdogo wake alikuja baada ya mwezi, na mfuko wa machungwa, akasimama kizingitini kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa kuingia. Aliona alama ya meno mkononi mwa dada yake, akavua viatu akaenda kumwosha mama miguu. Aliuliza kama mama amewahi kusema lolote juu yake, juu ya siku zile za kule nyumbani. Dada yake akamtazama jinsi alivyokonda, jinsi alivyoinama juu ya beseni.

"Hakusema kitu," akamjibu.

Mdogo mtu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua visigino.

Alasiri ile mama alianza kuita. Siku hizi alikuwa akiita kila alasiri, kutoka kwenye kiti chake, si watu waliokufa tena, ila yule binti wake mkubwa. "Wewe mtoto." Akaitikiwa kutoka jikoni, "Nipo, mama." Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Binti akatoka na mikono yenye maji, akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika uso wa mama yake kwa viganja viwili ili amwone vizuri.

"Nipo hapa. Nakusikia."

Mama akamtazama kwa uvumilivu, kama unavyomtazama mtu anayekuzibia njia. Kisha akainamisha kichwa pembeni kumpita, akaelekeza macho mlangoni, akaita tena.